Chekechea zimegeuzwa darasa la tatu, ndo maana watoto wetu wanarudishwa getini

Mhariri, salaam na pole na kazi.

Msimu wa mabango ndo huu. Kuanzia Tabata Bima mpaka Kinyerezi, ukienda Mbagala, ukienda Kimara mpaka Mbezi huko, kila nguzo ya umeme ina bango la nafasi za masomo, beibi klasi, nasari, dei kea, usafiri upo, uji wa lishe upo, kiingereza kuanzia siku ya kwanza, na sa hivi wameongeza na komputa. Mimi nafundisha chekechea hapa hapa Dar, nimepita shule kadhaa za mtaani, na naandika kwasababu ya jambo ambalo halipo kwenye bango lolote, yaani kile kinachotokea mzazi akifika na mtoto ambae haongei bado, au anatembea kwa shida, au hatulii. Anapokelewa vizuri tu, karibu mama, karibu ukae, fomu anauziwa (fomu inauzwa kwanza, hiyo haina mjadala), alafu mtoto anaitwa kwenye intavyuu.

Ndio, intavyuu, ya mtoto wa miaka mitatu. Anaonyeshwa penseli anaulizwa hii rangi gani kwa kiingereza, anaulizwa jina lake, anaambiwa ahesabu mpaka kumi. Mtoto akikaa kimya, au akashuka kwenye kiti akaenda kuangalia feni inavyozunguka, basi imeisha hiyo. Mama anaambiwa mlete mwakani akishachangamka, au anaambiwa kwa sauti ya huruma kabisa kwamba sisi hatuna mtaalamu mama angu, mpeleke kwenye shule za wenzake. Hela ya fomu hairudi.

Watu wengi ukiwauliza watakwambia tatizo ni wataalamu na vifaa. Mimi nasema hilo ni la pili. La kwanza ni kwamba chekechea yenyewe imeacha kuwa chekechea, tumeigeuza darasa la tatu la watoto wadogo. Mtoto anafika saa moja na nusu anakalishwa kwenye dawati, ananakili ubaoni, anapewa imla, anapewa homuweki, mwisho wa muhula anafanya mtihani na anapangiwa nafasi, wa kwanza, wa kumi na saba, wa mwisho. Sasa niambie kwenye darasa la namna hiyo mtoto mwenye usonji (otizimu, yaani ubongo wake unapokea sauti, maneno na watu kwa namna tofauti) anakaa wapi? Mwenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo hauongozi misuli vizuri, ambae kushika penseli tu kwake ni kazi ya asubuhi nzima anapata nafasi ya ngapi? Hata huyo asie na tatizo lolote anateseka, tofauti ni kwamba yeye anateseka akiwa ndani ya darasa na mwenzake ameshatolewa nje.

Na sio kwamba serikali ndo imesema tufundishe hivyo. Mtaala wa elimu ya awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania unataka mtoto ajifunze kwa michezo, unataka darasa liwe na kona za kujifunzia, kona ya vitabu, kona ya nyumbani, kona ya sayansi, mtoto azunguke ashike vitu. Nenda nasari kumi hapa mjini uone ngapi zina kona. Kona iliyopo ni ile ya kuwekea ndoo ya maji. Ila nisiwabebeshe wenye shule lawama zote maana wanauza kinachonunuliwa, mzazi wa Dar anataka kila Ijumaa aone daftari limejaa vema za wino mwekundu, asipoziona anahamisha mtoto anampeleka kwa jirani ambako wanapiga vema hata kwenye michoro ya konokono.

Naomba pia tuache kusema haya ni mambo mapya yameletwa na wafadhili. Buigiri kule Dodoma watoto wasioona walianza kusoma mwaka 1950, kabla hata ya Uhuru. Shule ya viziwi Tabora ilikuja 1963. Hapa mjini shule ya msingi Uhuru Mchanganyiko inajulikana miaka nenda rudi, na jina lenyewe linajieleza. Mwaka 2009 nchi iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ya 2010, na kifungu cha 27 kinasema mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa ya kupokelewa shule za umma na za binafsi. Za binafsi, narudia, maana kuna dairekta mmoja alishawahi kunijibu kwamba hiyo sheria ni ya shule za serikali. Sheria inaendelea kusema asome shule ya kawaida isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalum, na kwamba apewe msaada wa kujifunzia na mwalimu mwenye sifa au aliepangiwa kazi hiyo. Iko wazi kabisa, sema aliesimama getini hajaisoma na mama aliesimama nje nae hajaisoma.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe ya darasani, maana hapa ndo wengi wanaogopa wakidhani inahitaji mashine kutoka Ulaya.

Mtoto mwenye usonji wa miaka minne kitu kinachomvuruga mara nyingi ni kutojua nini kinafuata, na kelele za ghafla. Chekechea zetu ni kelele za ghafla kuanzia asubuhi mpaka jioni. Tulikuwa na mtoto kila ikigongwa ile rimu ya gari tunayotumia kama kengele anaanguka chini anaziba masikio analia mpaka kipindi kinaisha, wakasema ana mashetani huyo. Dawa ilikuwa ni kumwambia kabla, kumwonyesha picha ya kengele, na baadae tukamfanya yeye ndo mgongaji. Akiigonga mwenyewe haimshtui maana anajua inakuja saa ngapi. Mpaka wenzie wakawa wanamwonea wivu. Alafu ukutani tukabandika ratiba ya picha kwa kamba na vibanio vya nguo, picha ya watoto wakiimba, picha ya kikombe cha uji, picha ya bembea, picha ya begi, kila kikiisha kinatolewa. Picha tulikata kwenye kalenda za zamani na magazeti (likiwemo lako mhariri, samahani). Kilichonishangaza ni watoto wote kuanza kuitumia, waliokuwa wanauliza kila baada ya dakika tano mama anakuja saa ngapi wakawa wanaenda kuangalia picha ya begi iko mbali kiasi gani.

Mtoto anaeng'ata wenzake. Huyu ndo anafukuzwa haraka kuliko wote, na mara nyingi anang'ata kwasababu hana njia nyingine ya kusema nipe au niache. Mpe njia. Inaweza kuwa ishara ya mkono, inaweza kuwa kadi mbili tatu za picha anazovaa shingoni, anakuletea kadi ya maji unampa maji hapo hapo, siku hiyo hiyo anajifunza kwamba kadi inafanya kazi kuliko meno. Kuna watu wanaogopa kwamba mtoto akizoea ishara hataongea tena, sio kweli, ishara haimzuii mtoto kuongea, wengi inawasaidia kufika kwenye maneno. Watoto wenye sindromu ya Down hasa (hali ya kuzaliwa nayo inayomchelewesha mtoto kujifunza na kuongea), wengi wao wanashika haraka wanachokiona kuliko wanachokisikia, kwaiyo ukimfundisha kwa kuongea tu umemfungia mlango ambao ungemfungulia kwa picha.

Kwenye hili la kuongea kuna ushauri mmoja unatolewa kwenye nasari za kiingereza hapa mjini unaniudhi kupita maelezo. Mtoto amechelewa kuongea, mwalimu anamwita mama anamwambia acheni kabisa kiswahili nyumbani mtoto asichanganyikiwe. Mama mwenyewe kiingereza chake ni cha kubabaisha kama changu. Matokeo yake mama anaacha kuongea na mtoto, anabaki na kamu hia, siti dauni, doni tachi, mtoto ambae alikuwa anahitaji maneno mengi kuliko watoto wote ndo anapewa machache kuliko wote. Kukua na lugha mbili hakusababishi mtoto achelewe kuongea. Muongeleshe kwa lugha unayoiota usiku, ya kabila lako hata, mwimbie, mtanie, mwambie unachokipika.

Na kabla ya yote hayo, masikio. Jamani masikio! Mtoto anaitwa hasikii anaonekana mkaidi, anakaa nyuma, anachapwa, kumbe kweli hasikii. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara sio jambo la kumwagia mafuta ya moto na kusubiri, na kuna watoto wengine maji yanajikusanya ndani ya sikio nyuma ya ngoma hayaonekani kwa nje, leo anasikia kidogo kesho hasikii, ndo maana watu wanasema anasikia anachotaka. Mwalimu unaweza kusimama nyuma yake ukamwita kwa sauti ya kawaida ukaona anageuka au hageuki, hicho sio kipimo cha daktari ila kinatosha kumwandikia mzazi aende kwenye kliniki ya masikio. Macho vile vile. Mtoto mwenye ualbino wengi wana uoni hafifu, sio kwamba mzito, msogeze mbele, asikae anaangaliana na dirisha lenye mwanga mkali, mwandikie maandishi makubwa meusi, na wakati wa kutoka nje kofia pana na mikono mirefu hata kama yunifomu yenu ni mikono mifupi, bora yunifomu ivunje sheria kuliko ngozi ya mtoto. Mafuta ya kuzuia jua yapo, kuna yanayotengenezwa hapa hapa nchini kule Moshi.

Mtindio wa ubongo nitaongelea mambo mawili tu maana ndo nimeyaona yanafanywa vibaya. Moja ni kiti. Viti vya plastiki vile vya rangi vya chekechea mtoto anateleza, nguvu zote za mwili zinaisha kwenye kujizuia asianguke, anabaki na nguvu gani ya kushika kalamu? Fundi seremala wa mtaani anaweza kukutengenezea kiti cha mbao chenye mikono, mkanda wa kifuani, sehemu ya kukanyaga miguu na meza ndogo iliyokatwa nusu duara mbele, ila mzazi aulize kwanza kwa wataalamu wa mazoezi tiba, hospitali ya CCBRT au Muhimbili, vipimo viweje maana kila mtoto na mwili wake. Pili ni uji. Naona dada anamlaza mtoto kichwa nyuma anamimina. Hapana! Mtoto wa hivi akilishwa amelala uji unaingia njia ya hewa, ndo hizo nimonia zisizoisha. Akae wima, kichwa kiinamie mbele kidogo, kijiko kidogo, na usubiri ameze ndo uongeze. Ndio inachukua muda. Inachukua muda mrefu sana na uji unapoa na wengine wanalia, najua.

Kifafa pia, kwa ufupi. Povu la mtoto aliepata degedege haliambukizi mtu. Mlaze ubavu, toa vitu vigumu karibu yake, usimkandamize, usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, angalia saa, ikizidi dakika tano ni hospitali bila kusubiri mzazi apokee simu. Hii karatasi ilitakiwa iwe imebandikwa kila chekechea pembeni ya ratiba.

Mtu akinisoma mpaka hapa atasema mwalimu una moyo. Hiyo sifa siipendi kwakweli. Kila mtu akija kututembelea anasema walimu wa awali mna moyo, alafu anaondoka na gari lake na sisi tunabaki na watoto hamsini, mwalimu mmoja na dada mmoja ambae ndo huyo huyo anapika uji, anafua, anabadilisha pampasi na kufungua geti. Muongozo wa serikali kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Uvumilivu sio mbinu ya kufundishia, mtu mvumilivu akipewa watoto hamsini anakuwa mtu mvumilivu aliechoka. Kinachomwezesha mtoto mwenye mahitaji maalum kukaa chekechea ni mtu wa pili darasani ambae kazi yake ni watoto na sio masufuria, na huyo wa pili asigandane na mtoto mmoja siku nzima kama kivuli, maana nimeona mahali mtoto ana msaidizi wake analipwa na wazazi, basi mwalimu wa darasa anajitoa kabisa, mtoto anasoma na msaidizi kwenye kona, wenzie hata jina lake hawalijui. Huyo yupo shuleni kwa kuhesabiwa tu.

Sasa hii habari ya mpeleke shule za wenzake. Shule maalum zinahitajika na mimi sizipingi. Mtoto kiziwi hasa nasema tofauti na wenzangu wengi wanaotetea elimu jumuishi, yaani watoto wote darasa moja, kumweka mtoto asiesikia kwenye nasari ambayo hakuna hata mtu mmoja anaejua lugha ya alama, akae anatabasamu anaangalia midomo ya watu, hiyo mimi siiti kumjumuisha. Yule anahitaji lugha ya alama mapema sana, na watoto wenzake wanaoitumia, na watu wazima viziwi awaone wanaishi maisha yao, kwaiyo shule ya Buguruni Viziwi kwa mtoto huyo ndo mahali pa kuanza kuuliza, na nyumbani wazazi nao wajifunze alama wasimuachie shule. Ila mtoto mwenye usonji wa wastani, mwenye sindromu ya Down, anaechelewa kuongea, mwenye mguu mmoja mfupi, hawa wanakataliwa kwa sababu gani?

Alafu tuangalie ramani. Uhuru Mchanganyiko iko pale Kariakoo, kuna Sinza Maalum, kuna Matumaini ya Jeshi la Wokovu Kurasini kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, na vitengo vya elimu maalum kwenye baadhi ya shule za msingi. Mtoto wa Chanika unamwambia aende Kariakoo, daladala mpaka Gongo la Mboto, nyingine mpaka mjini, mama amembeba mgongoni mtoto wa miaka mitano, konda anamwambia huyo mtoto alipiwe siti au ampakate vizuri, saa kumi na moja alfajiri. Wiki mbili mama anachoka, mtoto anabaki ndani. Na shule nyingi za namna hiyo zinaanza na umri wa shule ya msingi au karibu na hapo, wakati miaka ambayo ubongo unajengeka kwa kasi ni hii ya mwanzo mwanzo, mitatu, minne, miaka ambayo tunamwambia mlete mwakani.

Kuna na hili la wizara ambalo wazazi hawalijui na linawasumbua. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana viko chini ya maendeleo ya jamii, anaekagua ni afisa ustawi wa jamii. Darasa la awali liko elimu, anaekagua ni mthibiti ubora wa shule. Sasa nasari nyingi za Dar ziko katikati hapo, zimesajiliwa dei kea lakini zinafundisha darasa la awali na nusu ya darasa la kwanza, kwaiyo mzazi akikataliwa akienda kulalamika elimu anaambiwa hicho ni kituo nenda ustawi, akienda ustawi anaambiwa hilo ni suala la kielimu. Ile programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa 2021 ilitakiwa iziunganishe hizi ofisi, na kwenye makaratasi imeziunganisha. Getini bado haijafika.

Nilitaka niwe mfupi na nimeshindwa ila lazima niseme la mahafali. Siku hizi mtoto akimaliza nasari anavalishwa joho na kofia kama anatoka chuo kikuu, mzazi analipia joho, analipia keki, analipia video. Na siku ya mahafali ndo utajua shule ina moyo gani. Kuna shule nimewahi kufundisha, mtoto mmoja mwenye mtindio wa ubongo amekaa nasi mwaka mzima, anajua nyimbo zote, anazijua kuliko mimi, wiki ya mazoezi ikapita maelekezo kutoka ofisini kwamba kwenye shoo asiwekwe kwasababu ataharibu mstari na video inaenda kwenye matangazo. Ada yake ya mwaka haikuharibu mstari. Bibi yake ambae ndo mlezi alipoambiwa hakugombana na mtu, alimleta siku hiyo amemvalisha joho la kushonesha mwenyewe, akamkalisha kwenye kiti chake mbele kabisa ya jukwaa, muziki ulipoanza mtoto akaimba kutokea pale chini kwa sauti yake ile ya juu mpaka mgeni rasmi akageuka. Hakuna aliethubutu kumtoa. Mimi nilipenda, na najua dairekta hakupenda.

Wazazi wenzetu ambao watoto wenu hawana changamoto yoyote, na nyie mna sehemu yenu. Kuna wanaopiga simu ofisini kusema yule mtoto akibaki sisi tunahamisha wetu, ataiga. Usonji hauambukizi, Down hauambukizi. Kuiga ataiga, wiki ya kwanza mtoto wako atarudi nyumbani anapeperusha mikono, ataacha mwenyewe kama alivyoacha kuiga mbwa wa jirani. Atakachobaki nacho ni kuzoea kwamba kuna watu hawaongei kama yeye na maisha yanaendelea.

Na mzazi ambae mtoto wako ndo huyu tunaemuongelea, nakuomba kitu kimoja, usitufiche. Najua kwanini unaficha, ukisema ukweli kwenye fomu anakataliwa. Ila nikijua tangu siku ya kwanza kwamba anatumia dawa za kifafa, kwamba anaogopa mashine ya kusaga, kwamba akishika sikio la kushoto maana yake anataka kujisaidia, umeniokolea miezi. Njoo na kadi yake ya kliniki. Andika kwenye karatasi vitu anavyovipenda, mimi mtoto nampata kwa kile anachokipenda, kama ni magari tutahesabu magari, kama ni vifuniko vya chupa basi vifuniko. Na mkishapata majibu ya hospitali msiishie kusema daktari amesema ana usonji, niambieni daktari amesema tufanye nini.

Ninachoomba kwa halmashauri zetu tano sio majengo. Naomba hivi vituo na nasari vikienda kusajiliwa au kuhuisha usajili viulizwe swali la watoto wenye mahitaji maalum, mmepokea wangapi, mmekataa wangapi na kwanini, iandikwe, kama wanavyouliza vyoo na uzio. Naomba intavyuu za watoto wa miaka mitatu zipigwe marufuku waziwazi kwa barua, shule ikitaka kumjua mtoto imuangalie akicheza na iongee na mzazi, lakini baada ya kumpokea. Naomba maafisa elimu maalum wawe wanashuka kwa walimu wa chekechea za binafsi pia, hata siku mbili za likizo kwenye vituo vya walimu, maana wanaosomea elimu maalum kule chuo cha ualimu Patandi wakihitimu wengi wanaishia kwenye shule maalum na vitengo, huku chini kwenye beibi klasi ambako mtoto anagunduliwa kwanza hawafiki, na aliepo ni binti wa kidato cha nne analipwa hela ya nauli.

Na kwako mhariri nina ombi. Kila mwaka ikifika mwezi huu nasimamishwa barabarani na kina mama, nasikia wewe mwalimu, mtoto wangu yuko hivi na hivi nimpeleke wapi, na mimi naanza kutaja ninazozijua kichwani, nyingine nishasahau ziko kata gani. Waandishi wenu wangezunguka kwenye ofisi za elimu za Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni wakachukua orodha ya shule zote zenye vitengo vya elimu maalum, zipi zinapokea kuanzia awali, zipi zina bweni, na namba ya simu ya ofisi ya afisa elimu maalum wa kila halmashauri, mkaichapisha kabla shule hazijafunguliwa Januari. Hata kama ni ukurasa wa ndani kabisa kule kwenye matangazo ya minada. Mimi nitaikata niibandike getini kwetu.

Mwalimu wa chekechea,
Tabata, Dar es Salaam